Mboga Mbichi Iliyobaki Haina Jina

Mwezi wa sita Mama alikuja Dar kwa ajili ya macho yake, akakaa kwangu wiki tatu. Asubuhi ya pili, mimi nikiwa bado natafuta viatu, akaingia jikoni kutafuta nyanya ya kukaangia mayai. Nikasikia droo ya chini ya friji ikivutwa. Halafu kimya.

Nilipotoka nikakuta amevipanga mezani kama vielelezo vya mahakamani: nusu kabichi iliyokuwa nyeusi kwenye kingo, karoti nne zilizolegea hadi zinapinda bila kukatika, hoho lenye ukungu, nusu kitunguu kilichokauka pale kilipopita kisu, bilinganya iliyosinyaa, na mfuko wa kitu ambacho wiki mbili nyuma kilikuwa mchicha. Hakunigombeza. Mama yangu si mtu wa kugombeza. Aliuliza tu:

"Hivi hivi vitu mnaviitaje?"

"Ni mboga zilizobaki, Mama."

"Zimebakije wakati hazijapikwa?"

Nikacheka, nikavitupa, nikaondoka. Lakini swali lenyewe nililibeba hadi kazini, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilichimba, kwanza kwenye kamusi, baadaye kwenye historia.

Kiswahili si lugha maskini kwenye habari ya masalio ya chakula. Tuna kiporo, ambacho kila mtoto aliyewahi kwenda shule asubuhi akiwa ameshiba wali wa jana anakijua. Tuna mwiku, na bariyo, maneno ya zamani kidogo yanayosema karibu kitu kilekile: chakula cha usiku kilichowekwa kwa ajili ya asubuhi. Tuna makombo, yaliyobaki kwenye sahani ya aliyekula. Tuna ukoko, na watoto wa kuugombania. Ukiviangalia vyote hivyo utaona kwamba vimepita motoni. Nusu kitunguu kilichobaki baada ya kukaanga mayai hakimo. Unaweza kusema "masazo" au "mabaki", sawa, lakini hayo ni maneno ya jumla. Mabaki tunayatumia hata kwa nyumba iliyoungua.

Maelezo yangu ni haya. Kwa sehemu kubwa ya historia yetu, mboga mbichi haikukaa ikiwa mbichi kiasi cha kuhitaji jina. Mboga ya majani ilichumwa kwa kipimo cha chungu cha siku hiyo. Iliyonunuliwa ilinunuliwa kwa fungu, na fungu ni kipimo chenye akili: mafungu mawili ya mchicha, nyanya za mia tano, kitunguu kimoja. Na pale mavuno yalipozidi kipimo cha chungu, ziada haikungoja. Iligeuzwa kuwa kitu kingine, na kitu hicho kikapewa jina lake. Lugha haikuwa na haja ya kuita mboga iliyobaki, kwa sababu ilikuwa tayari inaita ilichogeuzwa.

Mfano wa karibu ni wa kwetu, Shinyanga. Mvua zetu zinaanza mwezi wa kumi na moja na kuishia wa nne au wa tano, baada ya hapo ni vumbi. Katika ile miezi ya mvua majani ya kunde yanakuwa mengi kuliko midomo. Wasukuma huyachuma yakiwa machanga, huyaanika juani mpaka yanakauka kabisa, na hapo hayaitwi tena majani ya kunde: yanaitwa nsansa. Mwezi wa tisa, wakati shambani hamna hata jani la kumpa mbuzi, nsansa inarudi chunguni na karanga za kusaga. Viazi vitamu navyo hivyohivyo. Ukivimenya, ukavikata vipande na kuvianika vikiwa vibichi, umepata michembe. Ukivichemsha kwanza ndipo uvikate na kuvianika, hayo ni matobolwa. Kiazi ni kilekile, jua ni lilelile, lakini lugha imeona tofauti na kuitunza. Msukuma ukimchanganyia michembe na matobolwa atakusahihisha kabla hajakusalimia.

(Wataalamu wa lishe wana la kusema hapa, na ni kweli: jua kali la moja kwa moja linapunguza vitamini A na C kwenye majani. Ukikausha, kausha kivulini penye upepo. Wapo bibi waliokuwa wakifanya hivyo bila kuelezwa na mtu, na wapo waliokuwa wakianika juu ya jiwe la moto. Siwezi kusema wote walikuwa wanasayansi.)

Pwani hali ilikuwa nyingine. Unyevu wa pwani haukaushi kitu vizuri. Jani likianikwa Pemba mwezi wa nne litaota ukungu kabla halijanyauka. Pwani ilikuwa na chumvi, ndimu na siki. Na hapo ndipo tunapokutana na shahidi ambaye wengi wetu tulimsoma shuleni kwa habari za Kilwa tu, bila kuambiwa alikula nini.

Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331. Alipokelewa na kadhi wa mji, akapewa malazi, na chakula kikaletwa mara tatu kwa siku. Kitabu cha safari zake kilikamilishwa mwaka 1355 huko Morocco, yaani zaidi ya miaka ishirini baadaye, yeye akisimulia na mwandishi akiandika. Katika muda wote huo bado alikuwa anaikumbuka ile sinia. Anaeleza wali uliopikwa kwa samli, umewekwa kwenye sinia kubwa la mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Anaeleza ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Kisha anakuja kwenye maziwa mgando, na pamoja nayo malimau yaliyotiwa chumvi, vishada vya pilipili vilivyolowekwa kwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na maembe. Embe inabidi awaelezee wasomaji wake wa Maghrib: likiiva ni tamu na huliwa kama tunda, lakini kabla halijaiva ni kali kama limau, na watu hulitia kwenye siki. Wenyeji wake, anasema, wakila tonge moja la wali wanalifuatisha na kidogo cha hivyo vitu vikali.

Nisomapo ukurasa huo naiona meza ya Idi ya nyumba yoyote kuanzia Lamu hadi Kilwa. Wali, kitoweo, kibakuli cha achari pembeni. Karibu miaka 700, na sinia haijahama.

Kuna jambo moja limebadilika, nalo linahusu pilipili. Vishada alivyovila Ibn Battuta havikuwa pilipili yetu hii nyekundu. Pilipili kali, pamoja na nyanya, asili yake ni Amerika. Haikuwepo upande huu wa dunia mpaka baada ya Wareno kuanza kuzunguka bahari mwishoni mwa karne ya 15. Alichokula ni jamaa ya ile tunayoiita leo pilipili manga. Na angalia lugha ilichofanya: mgeni kutoka Amerika alipofika, akachukua jina la mwenyeji likiwa zima, pilipili, na yule wa zamani akalazimika kuongezewa "manga" ili ajulikane ni yupi. Kwenye nyanya ni vivyo hivyo. Nyanya chungu ni mzaliwa wa bara hili. Nyanya ya mchuzi ni mhamiaji. Lakini ukitamka "nyanya" sokoni leo utapewa mhamiaji, na mwenyeji anaitwa kwa sifa yake ya uchungu. Unguja na Pemba walau mhamiaji huyo ana jina lake, tungule.

Neno "achari" lenyewe limesafiri. Linatokana na Kiajemi, likaenea Bara Hindi, na bahari ikalimwaga kila pwani. Malaysia na Indonesia wanasema acar. Réunion na Mauritius wanasema achards, na huko ni mchanganyiko wa kabichi, karoti na maharage machanga, vyote vimekatwa vyembamba na kutiwa manjano. Yaani ni droo yangu ya friji kabisa, ila imetendewa haki. Sisi tuna achari ya embe na ya ndimu. Majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi yalikaa baharini wiki kwa wiki, na mabaharia walihitaji kitu kikali cha kuusindikiza wali. Kilichoweza kukaa bila kuoza ndicho kilichosafiri, na jina lake likasafiri nacho.

Lilifika hata Uingereza, kwa mlango wa nyuma. Hannah Glasse, mwandishi wa kitabu cha mapishi kilichosomwa sana London katika karne ya 18, aliongeza katika toleo la mwaka 1758 achari aliyoiita ya Kihindi: kabichi na mboga nyingine kwenye siki, tangawizi, kitunguu saumu, haradali na manjano. Ndiyo babu wa ile wanayoiita leo piccalilli. Kinachonifurahisha kwenye pishi lake ni maelekezo kwamba huna haja ya kuumaliza mtungi. Kadiri mboga zinavyoingia msimu, unaendelea kutumbukiza na kuongeza siki. Mtungi huo ulikuwa droo ya chini ya friji karne mbili kabla ya friji, na tofauti yake na yangu ni kwamba ndani yake kitu hakikuoza.

Kuna ndugu mwingine wa kutoka India, kachumbari, ila huyu ana tabia tofauti. Achari inalala, kachumbari hailali. Asubuhi utaikuta imetoa maji, kitunguu kimelegea, nyanya imesinyaa. Nyumba nyingi nilizokulia na kupangia hawaitupi: inamwagwa kwenye sufuria ya maharage, au inakuwa mwanzo wa mchuzi wa dagaa, ndimu yake na yote. Mchuzi wa namna hiyo una ukali fulani ambao huwezi kuupata kwa nyanya mpya. Mimi naupenda kuliko kachumbari yenyewe.

Nani basi aliyetuletea mboga mbichi iliyobaki? Mshukiwa wangu wa kwanza ni kabichi. Kabichi na karoti zimekuja na Wazungu, na majina yao hayafichi. Zimekubali baridi ya milima, na leo kabichi nyingi inayoliwa Dar inashuka kutoka Lushoto ikiwa imejazwa kwenye malori. Sasa, mchicha unaweza kuugawa kwa fungu. Kabichi ni kichwa kizima. Mtu anayeishi peke yake akinunua kabichi zima amejitafutia ndoa. Ndiyo maana gengeni wanalikata nusu, hata robo, na wengine wanakukatia kabisa vile vyembamba vya kukaanga na kukufungia kwenye mfuko. Genge ndilo limekuwa likitufanyia kazi ya kupima.

Mshukiwa wa pili ni friji, na huyu ndiye mkosaji hasa. Friji haigeuzi kitu. Jua linageuza, chumvi inageuza, siki inageuza. Friji inaahirisha. Inakuruhusu kununua karoti za wiki nzima Jumamosi ukiwa na nia njema, na kuzizika taratibu hadi Jumamosi nyingine. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti mwaka 2024 iliyokadiria kwamba chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022 kilikuwa tani bilioni 1.05, na asilimia 60 ya hicho kilitupwa majumbani. Wala si hotelini au sokoni. Ni kwangu na kwako.

Nilipaswa kulijua hili mapema, kwa sababu nilishafundishwa mara moja. Mwaka 2011, wakati wa mgao mkubwa wa umeme, nilikuwa mwanafunzi na nimepanga chumba uani kwa bibi mmoja mtu wa Pemba. Umeme ulikuwa unakatika saa kumi na mbili kwa siku na zaidi. Wapangaji tulikuwa tunatumia friji moja, na wiki ya kwanza ya mgao tuliitoa harufu hadi barazani. Bibi alituangalia siku tatu bila kusema neno. Siku ya nne nikamwamkia asubuhi, akaitikia marahaba, akaniambia, "Mjukuu wangu, lete hizo karoti kabla hazijatushinda."

Alikuwa na maembe mabichi, pilipili, ndimu na karoti zetu. Akakata, akatia chumvi kwenye ungo, akaanika juu ya ukuta wa uani jua la siku mbili ili maji yapungue. Kisha manjano, uwatu, haradali ya kusaga, kitunguu saumu, siki, na mafuta yaliyopashwa moto na kupoa. Akajaza chupa tatu. Kila asubuhi alizitoa nje zikaote jua kama wagonjwa, jioni anazirudisha ndani. Nilimuuliza kipimo cha chumvi. Akasema nionje, ikiwa nitakunja uso, inatosha. Nikaandika kwenye daftari, "chumvi: hadi kukunja uso," nikiona nimeandika kitu cha kuchekesha. Umeme uliporudi nikarudi kwenye droo, na daftari sijui liliishia wapi.

Jioni ile ya vielelezo nilirudi nyumbani na kabichi jipya na karoti, kwa aibu nadhani, nikamwambia Mama nataka tutengeneze kitu kisichooza. Tukakaa jikoni sakafuni. Nikamuuliza kwa nini asubuhi aliuliza vile.

Akaniambia habari ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, ingawa nimehoji watu kwa kulipwa miaka kumi na mbili. Mwaka 1974, Operesheni ya vijiji ilipofika kwao, yeye akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, familia ilihamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya zamani kwenda kwenye kijiji kipya. Ilikuwa miaka ya ukame vilevile. Waliambiwa wabebe wanachoweza. Kilichokuwa kibichi shambani kilibaki shambani: viazi ardhini, maboga, kunde. Bibi yangu alibeba magunia mawili, moja la michembe na moja la nsansa, na kwa miezi kadhaa, kabla shamba jipya halijatoa kitu, nyumba nzima ilikula kutoka kwenye magunia hayo. Mama alikuwa anatumwa kuhesabu vipande. "Kumi na viwili vya watoto, sita vya baba." Alivihesabu kwa sauti ileile anayohesabia kunde leo akizichambua.

"Sasa wewe," akasema, "umepewa kabati la baridi, halafu unaliozeshea." Hakuna zaidi. Akaendelea kukata karoti.

Tulichofanya usiku ule hakikuwa cha Shinyanga wala cha Pemba. Tulikata kabichi na karoti vyembamba, tukapima kwenye mzani wa keki. Kwa kila kilo moja ya mboga tulitia gramu 20 za chumvi, asilimia mbili. Tukavifinya kwa mikono mpaka vikatoa maji yake vyenyewe, tukashindilia kwenye chupa ya mdomo mpana na kipande cha pilipili na tangawizi, tukakandamiza kwa jani zima la kabichi ili kila kitu kizame. Hilo la kuzama ndilo la muhimu. Kinachoelea juu ya maji kinaota ukungu. Bakteria wanaopenda chumvi kiasi hicho wanakula sukari ya mboga na kutoa asidi, na asidi inawafukuza waozeshaji. Kwa joto la Dar siku nne au tano zinatosha. Kifuniko kilegezwe kidogo kila siku, maana kuna hewa inayotafuta njia.

Siku ya tano nikafungua. Mama akanusa, akasema, "Imechacha." Neno hilo linakata pande mbili: maharage yakichacha unayamwaga, togwa lazima ichache kidogo ndipo iwe togwa. Nikamuuliza anamaanisha upande upi. Hakujibu. Alichukua kijiko, akala na ugali, akachukua kingine.

Alipoondoka aliomba chupa moja ya kwenda nayo. Kwa furaha nikaijaza hadi mdomoni, nikaikaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikaifunga na khanga yake ya kusafiria ili isivunjike. Basi lilipofika Morogoro akanipigia. Nyuma yake nilikuwa nasikia kondakta akilalamika na abiria mmoja akiuliza nani kabeba samaki. Ile hewa ilikuwa imepata njia.

"Na khanga yenyewe," akasema, "ni ile ya harusi ya mdogo wako."

Kabichi lenyewe lilifika salama, karibu lote. Yeye naye aliniachia mfuko wa nsansa kwenye kabati la juu, mbali na friji, na maelekezo kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita ambao bado sijaumaliza kuusikiliza.